Ngozi Iliyopona

Hapo zamani, na kwetu zamani si lazima iwe mbali, inatosha kuwa haiwezi kurudishwa, palikuwa na bonde liitwalo Lupembezi. Mwenye kikohozi na akohoe sasa. Mwenye usingizi na aende zake mapema, kwa maana hadithi hii ina swali mwishoni, na swali hilo ni lenu, si langu.

Watu wa Lupembezi walipika sukari guru. Walikamua miwa kinuni, wakamwaga maji yake kwenye karai pana kama kitanda, wakawasha moto wa makapi chini yake, wakakoroga. Walikoroga mpaka maji yakawa shira, shira ikawa nzito, nzito ikamiminwa kwenye vibao ikaganda. Wapita njia waliipenda harufu yake. Wapishi waliiogopa. Maji ya moto hukuunguza yakadondoka. Shira hukuunguza ikakaa. Kila msimu bonde lilikuwa na watu wake wa kuungua, na waliopona walipona na ngozi iliyokunjamana, kiwiko kisichonyooka, vidole vilivyoshikana.

Watu hao walikuwa na mwiko mmoja walioushika kuliko yote. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakusemezana. Hawakugusana, hawakutajana majina, na zaidi ya yote, hawakusikilizana habari za mwili. Kichwa kikimuuma mke wa mwana, baba mkwe hakujua. Baba mkwe akikaribia alipo, alikohoa kwanza ili mkwewe ajifunike vizuri. Si kwamba walichukiana. Ndivyo walivyoheshimiana.

Palikuwa na mpishi wa sukari aliyeitwa Mzee Asajile. Mkewe alikwishafariki. Mwanawe wa pekee, Lusekelo, alioa msichana aitwaye Tusekile, akakaa naye miaka minne, akafa kwa homa, akazikwa nyuma ya nyumba penye migomba. Wajomba wa Tusekile walikuja kumchukua. Akawaambia, "Nikiondoka, nani atamkorogea baba karai?" Wakarudi bila yeye.

Basi wakabaki wawili, kila mtu na nyumba yake, karai likiwa katikati. Watu wawili wasioweza kusemezana watapikaje pamoja? Walimtumia mbwa. Mbwa huyo aliitwa Kamata.

"Kamata," Tusekile alisema, uso ameugeuzia moto, "mwambie mwenye karai moto umezidi."

"Kamata," Mzee alijibu akitazama milimani, "mwambie huyo anayelalamika kwamba mwenye karai alianza kupika sukari yeye hajaota meno."

"Kamata, mwambie ikiungua ataitafuna mwenyewe, kwa hayo meno mawili yaliyobaki."

"Matatu, Kamata. Mwambie ni matatu."

Mbwa alimtazama huyu, akamtazama yule, akalala. Majirani walicheka, wakasema nyumba ya Asajile ina msemaji mwenye mkia. Lakini sukari yao ilikuwa safi kuliko ya wote, na miaka ikaenda. Mzee alizoea kukaa upande wa upepo ili moshi usimpate mkwewe. Mkwewe alizoea kumwachia uji kwenye jiwe, akaondoka kabla hajaja. Mzee hakuwahi kumwambia asante. Angemwambia nani? Alimwambia Kamata.

Sasa nieleze habari za dawa.

Juu ya bonde palikuwa na kituo cha afya. Muuguzi wake alikuwa Sista Subilaga, mtu wa kutoka pwani ya ziwa, aliyefika Lupembezi miaka kumi na mmoja kabla ya siku ninazozisimulia. Kituoni kulikuwa na dawa iitwayo heparini. Kazi yake ilijulikana zamani: kuzuia damu isigande. Mama aliyejifungua mguu ukavimba, damu ikawa madonge ndani ya mshipa, alichomwa hiyo.

Siku moja Sista aliungua kifundo cha mkono kwa mvuke wa chombo cha kuchemshia vifaa. Mkono ukiwa bado unawaka, ilimbidi avute dawa ile kwa ajili ya mama mmoja, na bomba la sindano likavuja likamdondokea penye jeraha. Maumivu yakatulia. Akashangaa. Akadondosha tena, makusudi. Wiki mbili baadaye alilitafuta kovu, hakuliona.

Akaanza kuweka mabaki ya vichupa. Akaijaribu kwa mpishi mmoja aliyeungua kidole, naye alikubali mwenyewe. Akaja mwingine aliyeungua shavu. Tone kwa tone, mara tatu kwa siku, na kwa walioungua sana aliwapa pia mshipani. Ngozi ilirudi laini. Viwiko vilinyooka. Watu wakamwita Mama Matone. Majina ya waliopona aliyaandika kwenye daftari, na yalifika thelathini na moja.

Mkuu wa kituo, Daktari Lwitiko, aliona. Siku ya kwanza alimwambia, "Sista, dawa hiyo ni ya damu, si ya ngozi."

"Najua, daktari. Ngozi ndiyo haijui."

Daktari alicheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ila tangu mwezi ule aliagiza vichupa vingi kuliko kina mama waliovihitaji, na hakuuliza vinaishia wapi. Ikawa hivyo miaka mitano.

Sista hakuwa mjinga. Alijua kwamba dawa inayoiambia damu isigande haiwezi kuchagua mahali. Mtu anayevuja damu ndani ya mwili atavuja zaidi. Kwa hiyo kabla ya tone la kwanza aliuliza maswali matano, na kabla ya maswali aliwatoa ndugu wote. "Ndugu nje," alisema, hata kama ndugu ni mama mzazi. Wengine walinung'unika. Sista alisema hivyo mara thelathini na moja.

Kisha ikaja siku yenyewe.

Majirani walikuwa ng'ambo ya mto harusini. Asajile na Tusekile walibaki kwa sababu shira haingoji harusi. Mawe ya karai yalikuwa matatu, na moja lilikuwa limekaa juu ya udongo uliolowa mvua. Likatitia. Karai likainama upande wa Tusekile. Shira ikammwagikia mkono wa kushoto, ikashuka pajani, ikashuka mguuni.

Mzee Asajile alichukua ndoo ya maji. Alipofika hatua tatu kutoka alipoangukia Tusekile, miguu ikasimama yenyewe, naye akakohoa. Fikirini. Mkwewe anaungua, naye anakohoa ili ajifunike. Hatua zile tatu alizikumbuka mpaka mwisho wa maisha yake. Halafu akammwagia maji yote, akaita wanawake. Akaita tena. Hakuna mwanamke aliyeitika. Kamata peke yake ndiye aliyebweka.

Akainama, akambeba mgongoni.

Njia ilikuwa ya mwendo wa saa nzima, yote ya kupanda. Wachache waliowaona karibu na kituo waligeuza nyuso, si kwa ubaya. Walitaka kesho pasiwe na shahidi wa kusema Mzee amevunja mwiko. Katikati ya njia Tusekile alisema, bila mbwa, bila kugeuka pembeni, mdomo wake ukiwa karibu na sikio la Mzee, "Baba, utachoka."

"Nyamaza, mwanangu," Mzee alisema.

Tangu wabaki wawili, miaka sita sasa, hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana.

Kituoni walimlaza. Mzee akataka kutoka, lakini mkono wa kulia wa Tusekile, ule usioungua, ulikuwa umeshika wa kwake. Sista Subilaga aliingia na vichupa na daftari.

"Mzee, tupishe kidogo."

Mzee akageuka. Mkono haukumwachia.

"Asiende," Tusekile alisema.

Sista aliwatazama wote wawili. Aliujua mwiko wa bonde. Miaka kumi na mmoja si michache. Lakini alimwona mzee aliyelowa jasho na shira mgongoni, akamwona mgonjwa aliyetulia kwa sababu ya mkono ule, akasema, "Basi kaa. Mmeshabebana. Mwiko gani tena umebaki?"

Mzee alitaka kumwambia upo. Upo mmoja, tena ndio mkubwa. Hakusema. Akageukia ukutani ili asione. Akaziba sikio moja kwa mkono uliokuwa huru. La pili halikuwa na mkono wa kuliziba.

"Una mimba?" Sista aliuliza.

"Hapana."

"Damu inakutoka puani au kwenye fizi?"

"Hapana."

"Choo je? Kimewahi kuwa na damu, au kuwa cheusi kama lami?"

Hapo Mzee, kwa lile sikio moja, alisikia pumzi ikikatika. Ilikatika kidogo tu, kama mtu aliyeanza neno akalimeza. Mkono ndani ya mkono wake ukakaza.

"Hapana," Tusekile alisema.

"Unatumia vidonge vyovyote?"

"Hapana."

"Kuna jambo lingine nilijue?"

"Hakuna, sista."

Sista akaandika hapana tano, akaanza matone, na nyingine akampa mshipani.

Maumivu yalitulia kabla chai ya Mzee haijapoa. Siku ya pili malengelenge yalinywea. Siku ya nne Tusekile alikunja kiwiko, akakikunjua. Na jinsi hofu ilivyopungua ndivyo haya ilivyorudi. Mkono uliachiwa. Mzee akawa anakaa mlangoni, amewapa mgongo wagonjwa wote. Kamata hakuruhusiwa wodini, basi wakatafuta msemaji mwingine.

"Dripu," Tusekile alisema, "mwambie mwenye karai aende nyumbani akaoge. Wodi nzima inalalamika."

"Dripu, mwambie anayelalamika ni mmoja."

"Dripu, mwambie hata wewe ungekuwa na pua ungehama."

Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake. Mzee naye alicheka, uso nje, mabega yakitikisika. Siku hiyo aliamini kwamba Mungu amemsamehe zile hatua tatu.

Siku ya nane Tusekile alisema anasikia kizunguzungu. Siku ya tisa asubuhi alitapika damu. Sista akakata matone papo hapo. Daktari alikuja mbio na viatu visivyofungwa. Walimtundikia damu chupa mbili, moja ya Sista mwenyewe na moja ya Mzee Asajile, ambaye damu yake ilifaa. Hazikutosha. Alichopewa kwa juu kilitoka kwa ndani.

Kabla ya adhuhuri alimvuta Sista karibu, akamwambia, na hakuna aliyesikia ila yeye. "Kilikuwa cheusi. Mwezi mzima. Nilikuwa nameza vidonge vya mgongo kila siku, kwa ajili ya kukoroga. Ulivyoniuliza nilitaka kusema. Lakini baba alikuwepo. Ningelisemaje jambo la chooni, baba yupo?"

"Ungeniambia kesho yake."

"Kesho yake nilikuwa napona."

Akafa jua likiwa utosini, na Sista hakuwaficha ndugu maneno yale.

Wanawake waliomwosha walitoka nje. Mmoja wao, mwanamke mzito asiyelia ovyo, alisema, "Ngozi imepona. Mkono mzima, mguu mzima, ngozi changa kama ya mtoto. Tumemwosha mtu aliyepona."

Sasa sikieni desturi ya msiba wa Lupembezi. Mtu akifa kabla ya wakati wake kwa njia ya mikono ya watu, mjomba wake husimama kaburini na unga wa ulezi, kiasi cha kujaza kiganja kimoja. Anauliza, "Amepita mikono ya nani?" Anayestahili hunyoosha mikono, akapakwa unga ule. Si adhabu, wala si heshima. Ni vyote viwili. Mikono hiyo hulala mwaka mzima, haifanyi kazi yake, na watu wa marehemu hawana neno naye tena. Wala hawagawani unga, anapakwa mmoja. Mjomba akimpaka asiyestahili, kaburi halimkubali marehemu. Na unga ukimwagwa chini, maana yake marehemu amepita mikono yake mwenyewe. Huyo hazikwi nyumbani. Hupelekwa kando ya mto, peke yake.

Mzee Asajile alijua hayo yote. Alikuwa amechimba kaburi kwa mikono yake, kushoto kwa Lusekelo, chini ya migomba ile ile. Alitaka jambo moja tu duniani: Tusekile alale pale.

Mjomba alikuwa Mwaisumo, fundi wa vinu vya miwa, mtu asiye na haraka. Akashika unga. Akauliza, "Amepita mikono ya nani?"

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na kimya kirefu, kwa maana nani anataka? Siku ile mikono mitatu ilinyooshwa kwa wakati mmoja, na ya nne ikafuata, na ya tano, na ya sita. Watu watatu, kila mmoja na viganja vyake viwili.

Sista Subilaga akasema kwanza.

"Nipake mimi, mjomba. Dawa ilitoka mkononi mwangu. Kanuni ilikuwa yangu, hakunifundisha mtu: ndugu nje. Nimeisema mara thelathini na moja. Mara ya thelathini na mbili nilimhurumia mzee, nikamhurumia mgonjwa, nikaiacha. Nilidhani mwiko ukivunjwa mahali pamoja umevunjika wote. Sikuelewa kwamba aliyevunja mahali pamoja huushika zaidi mahali palipobaki. Miaka kumi na mmoja nimeishi nanyi, na hilo sikulielewa. Nipake."

Mwaisumo akamuuliza, "Wodini kuna wangapi wa matone leo?"

"Wawili. Mmoja kifua, mmoja uso."

"Mikono yako ikilala, nani atawadondoshea?"

"Hakuna. Sikumfundisha mtu. Hilo nalo ni kosa langu."

"Na msimu umebaki miezi mingapi?"

"Mitatu," Sista alisema, sauti ikiwa ndogo. Lakini mikono hakuishusha.

Daktari Lwitiko akasema wa pili.

"Nipake mimi, mjomba. Huyu alitafuta, mimi nilitazama. Ningesema hapana, dawa ile isingemgusa Tusekile. Ningesema ndiyo, ingekuwa kazi ya kituo. Tungepima choo na damu kabla ya tone la kwanza, tusingetegemea mdomo wa mtu aliyeshikwa na haya. Sikusema lolote. Mnajua kwa nini? Nilitaka akifaulu tufaulu wote, akikosea akosee peke yake. Kwa miaka mitano nilikuwa natia saini vichupa na kufumba macho. Nipake."

Shangazi mmoja wa marehemu akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo amefumbua."

"Nimefumbua, mama," Daktari alisema. "Nimechelewa."

Mwaisumo akamuuliza, "Mwaka jana uliwapasua kina mama wangapi ili wajifungue?"

"Kumi na tisa."

"Mikono yako ikilala?"

"Hospitali nyingine ni mwendo wa siku nzima."

Wanawake wawili wenye mimba waliokuwa msibani walitazamana.

Mzee Asajile akasema wa tatu. Hakuwa msemaji, kwa miaka mingi maneno yake mengi alimpa mbwa.

"Nipake mimi, mjomba. Hawa wanasema wasiyoyajua. Sista hakujua kwa nini alinyamaza. Daktari hakuwepo. Mle ndani aliyejua ni mimi. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nilijua hapo pana neno. Makaratasi ya vile vidonge nilikuwa nayaona kwenye majivu ya karai kila asubuhi, nikayafunika na makapi kwa kuwa ni habari ya mwili wake. Ningesema, 'Sista, muulize tena, mimi natoka.' Ningeuvuta mkono. Ulikuwa mkono wa mgonjwa, haukuwa na nguvu."

"Kwa nini hukuuvuta?" Mwaisumo alimuuliza.

Mzee akasema ukweli, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa marehemu.

"Tangu mke wangu afe, hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono."

Hakuna aliyecheka. Lakini shangazi yule yule akasema, "Aliyembeba mke wa mwanawe mgongoni leo anaomba unga? Angemwacha pale pale, mwiko usingevunjika, na mwanetu angeulizwa akiwa na wanawake wenziwe."

"Angemwacha pale angekufa siku hiyo hiyo," mwingine akamjibu.

"Amekufa siku ya tisa. Tofauti iko wapi?"

"Siku nane, dada. Siku nane alicheka. Tulimsikia."

Mwaisumo akainua mkono, wakanyamaza. Akamwambia Mzee polepole, bila ukali, "Nikikupaka wewe, karai lako litazimwa mwaka mzima, na sidhani kama hilo unalijali. Nahofia jingine. Watu watasema, amekufa kwa sababu baba mkwe alimgusa. Hawatasema alinyamaza, hayo hayasimuliki kirahisi. Kesho mke wa mwana wa mtu ataungua, na baba mkwe wake atasimama hatua tatu, atakohoa, atasubiri wanawake. Umefikiria?"

Mzee Asajile hakuwa amefikiria. Zile hatua tatu alidhani anazijua yeye peke yake. Sasa aliona kwamba kila mwanamume wa bonde lile alikuwa nazo mbele yake. Akaishusha mikono kidogo, akainyoosha tena.

Ndipo kijana mmoja wa ukoo, aliyesoma na asiye mkorofi, akasema lile ambalo wengi walikuwa wanalizunguka.

"Na marehemu mwenyewe, mjomba? Samahani. Alikuwa na mdomo. Aliulizwa waziwazi. Na baada ya hapo alikaa siku nane."

Mwanamke mzito aliyemwosha akageuka. "Kwa hiyo tumpeleke mtoni kwa kosa la kuwa na adabu?"

"Sijasema hivyo, mama. Nimeuliza."

"Adabu hiyo nani alimfundisha? Si sisi?"

Mwaisumo alitazama kiganja chake. Wakati wa kuanza maziko ulikuwa umefika, na mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani. Unga wa ulezi ukilowa haupakiki, huwa uji. Ilimbidi aamue kabla ya mvua.

Akamtazama Sista, ambaye aligundua dawa na akaacha kanuni yake kwa huruma. Akamtazama Daktari, ambaye hakufanya kosa lolote ila kutosema. Akamtazama Mzee, ambaye alivunja mwiko ili kumwokoa Tusekile, akaushika ule uliobaki mpaka ukamuua. Akatazama chini, penye udongo mbichi, ambako unga ukimwagwa Tusekile angeondolewa kando ya mumewe na kupelekwa mtoni, ila mikono ya wote watatu ingeendelea na kazi, na wagonjwa wawili wangepona, na kina mama wangejifungua, na hakuna baba mkwe ambaye angeogopa kumbeba mkwewe.

Mzee Asajile aliyaona macho yale yakishuka chini, akaelewa yanachopima. Akapiga magoti mbele ya mjomba wa mkwewe, viganja juu.

"Mwaisumo," alisema, "siombi nisamehewe. Naomba alale hapa."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka kwenye majani ya migomba. Mwaisumo akapiga hatua moja mbele, kiganja kikiwa kimefumbwa.

Hapo mimi nanyamaza. Mlioketi hapa mna wakwe, mna wazazi, mna mikono. Marehemu mmoja, unga wa kiganja kimoja, na mvua imeshaanza. Je, nani alistahili kupakwa?